Neno Ulilomwachia Mama Kuhusu Mto

Zuhura, shoga yangu,

Chuoni kwa maalimu tulifunzwa kuwasalimia watu wa makaburini kama tunavyowasalimia wa majumbani, basi na mie nakusalimia: amani iwe juu yako, na Mola akukunjulie hapo ulipo. Nimetoka mtoni kwenu. Nimerudi Tibirinzi sasa hivi na mabuti ya mpira bado nimeyavaa, nguo zinanichuruzika, nimekaa kitako uani nakuandikia kabla sijaoga. Nikioga ntapoa, na nikipoa sitoandika tena. Unanijua.

Wale wadudu wetu, mikia-mitatu, hawapo, Zuhura. Hata mmoja. Nimekwenda pale pale penye mawe, maji yanapoporomoka, nikauweka wavu, nikayapiga mawe mateke kama ulivyonifundisha, nikaumwaga wavu kwenye sinia. Majani, mchanga, na vile vijinyoo vyekundu tulivyokuwa tukiviita wapangaji kwa kuwa havichagui nyumba. Basi. Nikasogea juu kidogo, nikapiga tena. Wapangaji. Nikasogea tena mpaka kwenye kivuli cha ule mti wa mfuu. Wapangaji, na ruba mmoja kachoka.

Mie si mtu wa kulia ovyo. Weye ndiye uliyekuwa ukilia hata kwenye harusi za watu usiowajua. Lakini leo nimechutama mtoni, sinia mapajani, nikalia mpaka ng'ombe wa jirani yenu akanyanyua kichwa kunitizama.

Watu walikuwa wakituuliza, nyie wanawake wazima, mmesoma, kazi yenu ni kuvua madudu? Na weye jawabu yako ilikuwa tayari siku zote, husubiri hata wamalize. Ukiwaambia: maji ukiyatia kwenye chupa umechukua maji ya saa ile tu, yaliyopita jana huyajui. Lakini mdudu kakaa humo humo, mchana na usiku, hana pa kwenda. Kila kilichopita kimepita juu yake. Kuna wanaovumilia uchafu na kuna wenye kujivuna, maji yakiharibika kidogo tu hao wanakufa. Basi tizama nani yupo na nani hayupo, utajua mto unaumwa au mzima. Watu wakicheka. Nawe ukicheka nao, kisha unawaonesha.

Na lile sinia jamani! Unalikumbuka? Letu jeupe la plastiki tulilopewa kazini lilipasuka, ukaingia jikoni kwa mama ukalibeba sinia lake jeupe lenye maua ukingoni, lile la kupakulia wageni. Mama mwenyewe, Bi Time, akaja mtoni na ndoo yake, akakuta sinia lake limejaa maji na vitu vinatembea. "Lahaula! Madudu kwenye sinia la wageni?" Ukacheka mpaka ukakaa ndani ya maji na kanga yako. Mie nilikuwa nimeshajiandaa kukimbia. Ukamshika mkono, ukampa kioo cha kukuzia, ukamwambia mama tizama. Akatizama huku amenuna. Kisha akaacha kununa. "Hee! Kumbe huyu anapumua kwa mbavu!" Alikuwa amemwona mikia-mitatu, vile vijani vyake vya ubavuni vinavyopepea pepepepe.

Ndipo ukasema lile neno. Ulilisema kwa furaha tu, hukujua kuwa mtu atalishika maisha yake yote. Ulimwambia, mama, huyu mdudu anajivuna, kwenye maji mabovu hakai. Madhali yupo, mto wetu mzima. Kisha ukaongeza kuwa maji ya kunywa ayachemshe. La uzima aliliweka moyoni. La kuchemsha likapita na maji.

Tangu siku ile hajaugusa mfereji wa bomba. Na weye unajua kuwa hata kabla ya hapo alikuwa akilalamika kuwa maji ya mfereji yananuka dawa. Sasa akapata hoja. Jirani akimuuliza, anajibu kuwa binti yake msomi kayatizama maji ya mto kwa kioo. Sote tukaona ni jambo la kuchekesha, na mto wakati ule ulikuwa mzima kweli. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea. Ulisema kweli.

Siku ulipofariki, nilikuwemo miongoni mwa wanawake waliokuosha. Mfereji haukutoa maji siku ile, kama kawaida yake ukiuhitaji, ikabidi wanawake washike ndoo wateremke mtoni. Mie nilikuwa nachota na kopo, nampa muoshaji. Majani ya mkunazi yalikuwa yameshapondwa, nyumba nzima inanukia. Nikainamia ndoo moja, na mle ndani nikamwona, mikia-mitatu, mdogo kama punje ya mchele, kajibana ubavuni mwa ndoo. Zuhura, nilitaka kukwita. Wallahi mdomo wangu ulifunguka nikuite uje umtizame. Nikamtoa na maji kiganjani, nikatoka naye uani, nikamtia kwenye dumu la mwanamke aliyekuwa anarudi mtoni, nikamwambia ukifika mwaga haya kwanza. Hakuuliza kwa nini. Siku ya msiba hakuna mtu anayemuuliza mwenziwe kwa nini.

Hilo lilinipoza, kwamba maji yaliyokuosha yalikuwa mazima. Nililala na hilo siku nyingi.

Sasa nikupe habari za huku. Baada ya arubaini yako, kakako Hamad alisema hawezi kukaa akitizama karafuu ambazo hazizai kila mwaka, na mama yupo mikononi mwake peke yake. Akalifyeka lile shamba lenu la migomba, juu ya chemchemi, akapanda tungule na mabilingani. Skwambii zilivyotoka. Nyanya nyekundu, nene, gari inakuja kuzichukua mpaka shambani. Nyumba ya mama imetolewa makuti, ina bati. Mama ana godoro jipya. Akiumwa, Hamad anampeleka hospitali siku hiyo hiyo, hangoji mtu. Kama kuna mtoto anayemtizama mzee wake Pemba hii, ni kakako.

Lakini tungule zina adui, kiwavi anaingia ndani ya tunda. Hamad akaambiwa dawa, akanunua pampu ya kubeba mgongoni. Anapiga dawa, na akimaliza anateremka mtoni kuisuuza pampu. Unamjua Hamad kwa usafi. Hataki tone la dawa liingie uani, kuna kuku, kuna mama. Basi anakwenda mpaka kwenye maji yendayo kasi, anasuuza pampu, anafua nguo alizopigia dawa, anaoga, anatia udhu, anasali Alasiri pale pale juu ya jiwe. Majirani nao wameona tungule zake, wamepanda. Nao wana pampu. Nao ni watu safi. Sote tumelelewa hivyo, uchafu haukai nyumbani, unapelekwa kwenye maji yanayopita, na maji yanakwenda nao.

Wa kwanza kuondoka walikuwa wajenzi, wale wanaojishonea vijumba vya mchanga. Niliinua jiwe nikazikuta nyumba zao zimejipanga chini yake, nzuri kabisa, hamna mtu ndani. Kisha kamba wa mtoni, wale mama aliokuwa akiwatia kwenye mchuzi wa nazi. Watoto wa kerengende. Kaa. Mikia-mitatu walikuwa wakipungua kila nikienda, nikawa nawatafuta kama mtu aliyepoteza pete. Na leo ndiyo hivyo nilivyokwambia.

Nilikwenda kwa Hamad. Usidhani nilinyamaza. Nilimkuta shambani, nikamwambia kaka Hamad, hiyo pampu usiisuuze mtoni, mto unakufa. Hakukasirika. Akaniambia, "Dada Raya, hebu njoo." Tukateremka pamoja. Akachota maji kiganjani, akayainua kwenye jua. "Rangi imebadilika?" Haijabadilika. Akayanusa, akanipa na mie ninuse. "Harufu?" Hamna. Kisha, kabla sijamshika mkono, akayatia mdomoni. "Ladha?" akaniuliza, na maji yanamtoka kidevuni. Nilipiga ukelele. Yeye akatabasamu. Akasema, "Chuo tumesoma kimoja, weye na Zuhura mlikaa mkeka wa mbele mie wa nyuma, na sote tulifunzwa: maji yakiwa hayajabadilika rangi wala harufu wala ladha, ni twahara. Na haya yanapita."

Ni kweli tulifunzwa hivyo. Na ni kweli maji yale ni twahara, anatia udhu na udhu wake unakubaliwa inshallah, mie ni nani nimharibie sala. Weye mwenyewe ulikuwa ukitania kuwa fiqhi inawajua wadudu wetu, maana tulisomeshwa kuwa mdudu asiye na damu ya kutiririka akifa majini, maji hayanajisiki. Ulilisema hilo kwa kucheka. Mie siku hiyo lilinirudia, sikuona cha kuchekea. Nikamwambia, kaka Hamad, twahara ni jambo moja na sumu ni jambo jengine. Akasema sumu inaua, nani kafa?

Nikamwambia wadudu.

Laiti angecheka. Alinitizama kwa huruma, Zuhura. Akainamisha kichwa, akaniambia polepole, "Dada Raya, msiba haujakutoka. Hata mie haujanitoka." Kisha akaahidi kuwa kwa ajili yangu atakuwa anasuuza pampu jioni, wanawake wakishamaliza kuchota. Alifikiri amenifaa. Akanijazia na mkoba wa tungule nije nazo mjini.

Nilizila? Sikuzila. Nimezimwaga, na kuzimwaga nako nikaona ni dhambi.

Kazini nako usiniulize. Mradi wetu wa kukagua mito ulikwisha, wavu na chupa vimebaki kwangu kwa kuwa hakuna aliyevitaka. Mkubwa wetu mpya ni mtu mwema, kanisikiliza, kisha kasema wadudu ni ishara tu, nilete maji yapimwe. Nikayapeleka. Yakapimwa. Majibu yakaja kuwa hayana neno. Yangekuwa na neno vipi? Niliyachota asubuhi, na dawa ilipita siku zile nyengine. Maji ya saa ile tu, kama ulivyokuwa ukisema. Nikamweleza. Akaniambia, Bi Raya, mie nakuamini, lakini karatasi hii imeandikwa salama, nikasimame mbele ya watu niseme nini? Na kusema kweli sijui angesema nini. Nilimshukuru nikatoka, nikakaa Gombani nje ya uwanja mpaka watu wakaanza kuniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Haya yote ningeyabeba, shoga. Lililonishinda ni la leo.

Nilikuwa bado nimechutama na sinia, nimejifuta macho na mkono wenye matope, nikasikia kikohozi cha Bi Time. Kaja na ndoo. Amepungua, lakini anatembea mwenyewe. Akanishika kichwa, akaniuliza nimeona nini leo. Nikamsogezea sinia tu atizame mwenyewe, kwa kuwa anawajua, weye ulimfundisha, nikasema moyoni ataona kuwa mikia-mitatu hayupo na atauliza, na akiuliza ntamwambia.

Akainama. Akatizama kwa muda. Vile vijinyoo vilikuwa vimeshajizika kwenye majani, hakuviona. Akanyanyua uso, ukiwa umekunjuka kwa furaha kama siku ile alipomwona anapumua kwa mbavu.

"Alhamdulillah," akasema. "Hata mdudu mmoja! Maji yamesafika. N'lijua tu. Kila sala namwombea, kumbe na yeye huko aliko anauombea mto wetu."

Zuhura.

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Lakini kila neno nililolitafuta lilikuwa linamchinja. Nikimwambia mto umeharibika, ntakuwa nimemwambia kuwa aliyeuharibu ni mwanawe aliyebaki, kwa tungule zile zile zilizomwezekea bati. Na yule aliyekwenda, neno lake halifai tena kitu. Mama hana kitu chako chengine. Nguo zako alizigawa, kitanda chako alikitoa sadaka, picha hataki kuzitizama. Kabaki na lile neno lako tu, mto wetu mzima, na analinywa asubuhi na jioni.

Nikamtwika ndoo. Ndiyo, nilimtwika kwa mikono yangu. Nikamfuata nyumbani kwa kuwa aliniambia siondoki na kiu. Akanikalisha kwenye mkeka, akamimina yale maji kwenye mtungi, akangoja yatulie. Akachota kwa kata ya kifuu, akanipa kwa mikono miwili. "Kunywa mwanangu, maji ya Zuhura haya."

Nilinywa.

Yalikuwa baridi, matamu, hayana rangi wala harufu. Naye akanywa baada yangu, akateremsha kata, akasema ahhh kama anavyosema siku zote, akaanza kunihadithia ulipokuwa mdogo ulivyokuwa ukikataa kutoka mtoni mpaka ukafuatwa na fimbo. Alicheka. Nikacheka naye. Kisha nikaaga nikaondoka, na njia nzima najiuliza mie ni mtu wa namna gani.

Sina nguvu, shoga. Hilo ndilo nililokuja kukwambia, na weye peke yako ndiwe ninayeweza kumwambia. Nimesoma, nina kioo na wavu na chupa za spiriti, nauona mto unavyokwenda kama mtu anavyomwona mgonjwa wake, na hakuna ninachoweza. Hamad simwezi, kwa kuwa si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemshinda. Kazini siwezi, karatasi imesema salama. Watu siwaambii kitu wakanielewa, wanaona maji yanang'ara na wanamshukuru Mungu. Ungekuwepo ungefanya nini? Najua ungecheka kwanza, kisha ungewapanga wote mstari mmoja, Hamad na pampu yake, mama na sinia lake, na wangekusikiliza. Mie sina kicheko chako. Nikisema mie, watu wananipa pole.

Nimechoka nawe pia, nikuambie kweli. Nimekukasirikia. Kwa nini uliniacha na mto huu? Ulikwenda hospitali kwa miguu yako, ukaniambia niuangalie wavu usiliwe na panya, utarudi. Nimeuangalia. Haujaliwa. Naam, na kisha nini?

Nisamehe. Hasira hizi si zako.

Siwezi kukuahidi mto, Zuhura. Sitaki kusema uongo mbele ya mtu aliyeko mbele ya haki. Mto sijui kama ntauweza, na mikia-mitatu sijui kama watarudi nikiwa hai. Lakini mama ni mama, na kila siku inayopita ni kata nyengine. Basi nakuahidi hili. Ijumaa baada ya sala ntakwenda. Ntabeba maji ya mfereji kwenye dumu, niyaache wazi njiani yapoteze ile harufu anayoichukia. Ntakaa kwenye mkeka ule ule. Na mkono wake ukienda mtungini ntaushika. Ntamwambia kuwa mwanao alisema kweli, mama, lakini alisema kweli ya siku ile, na lau angekuwepo leo angekuwa wa kwanza kukwambia usinywe. Kisha ntamwambia kwa nini, na la Hamad pia, ingawa sijui ntalitamka vipi.

Atalia. Huenda akaniambia namwonea kijicho mwanawe. Huenda akanitoa nje, na mie sijawahi kutolewa nje nyumbani kwenu. Akinitoa ntakaa barazani kwake na lile dumu langu, nikae mpaka apate kiu.

Lala salama, shoga. Mola akurehemu, akupe maji ambayo mtu hana haja ya kuyatizama kwa kioo.

Mwenzio,
Raya